Pengo la Mwamba ni Tukio: Hoja Kutoka Korbesa

Maoni yaliyoenea kuhusu mapengo katika kumbukumbu ya miamba, yaani vile vipindi virefu ambavyo havikuacha tabaka lolote mahali fulani, yana sura mbili zinazotoka kwenye chimbuko moja. Sura ya kwanza, ambayo husikika madarasani, ni kwamba pengo ni wakati mtupu: mashapo hayakutuama, volkeno haikulipuka, na kwa hiyo hakuna la kusimuliwa. Sura ya pili, inayopendwa na wanaoitilia shaka jiolojia nzima, ni kwamba sayansi inayokiri kukosa sehemu kubwa ya ushahidi wake haina haki ya kutaja mamilioni ya miaka, kwa kuwa huziba kwa kukisia mahali ambapo haina cha kuonyesha. Anayesema la kwanza huwa hana nia mbaya, na anayesema la pili mara nyingi hutaka kushinda mjadala, lakini wote wawili wamekubaliana kwamba pengo ni mahali pasipo na kitu. Makala haya yanapinga hilo walilokubaliana. Pengo katika miamba lina kisababishi, lina kiasi kinachopimika, na mara nyingi lina shahidi aliye mahali pengine. Na nchi inayodhihirisha hayo ni ile ambayo wapita njia hudhani haina historia yoyote ya kijiolojia, nayo ni tambarare ya Korbesa, katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo.

Korbesa ipo katika nchi kame ambayo Mto Ewaso Ng'iro, au Waso kama Waborana wanavyouita, huipitia ukitokea Mlima Kenya na safu ya Nyandarua kuelekea kinamasi cha Lorian. Miamba ya eneo hilo ni ya aina tatu kuu. Ipo basalti, mwamba mweusi uliotokana na lava iliyoganda, ambayo imefunika uwanda wa juu wa Merti. Chini ya basalti hiyo yamo matabaka yanayoitwa kwa jina la Merti, ambayo ni mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi vilivyoachwa na maji miaka milioni michache iliyopita na ambavyo havijashikamana sana. Upande wa magharibi, kuelekea Archer's Post, hujitokeza mwamba wa msingi uitwao naisi, ambao uligeuzwa na joto na mgandamizo wa kina kirefu hadi madini yake yakajipanga kwa michirizi myeupe na myeusi. Naisi hiyo ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, mfumo mrefu wa miamba unaotoka Msumbiji na kupitia Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini, na umbo lake la sasa lilipatikana kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 hivi iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kuunda bara la kale la Gondwana. Pale ambapo mashapo au lava imelala moja kwa moja juu ya naisi, mstari mmoja mwembamba hutenganisha miamba iliyopishana kwa zaidi ya miaka milioni 500. Mstari wa namna hiyo, unaokutanisha miamba ya nyakati mbili zisizofuatana, utaitwa hapa mpaka wa pengo.

Dai la kwamba wakati huo ulikuwa mtupu huvunjwa na naisi yenyewe. Baadhi ya madini yaliyomo ndani yake, kama vile aina fulani za ganeti, huhitaji joto na mgandamizo unaopatikana kilomita nyingi chini ya uso wa dunia, na katika sehemu nyingi za Ukanda wa Msumbiji kina hicho kilizidi kilomita 20. Mwamba ulioundwa chini kiasi hicho ukionekana leo juani, mbuzi wakilisha kando yake, basi kila kilichokuwa juu yake kimeondolewa, na kazi ya kuondoa kilomita 20 za mwamba haiwezi kuitwa kutotokea kwa jambo. Hapo pengo limekwisha kutoa kipimo chake cha kwanza, ambacho ni kipimo cha unene, hata kabla ya swali la miaka kuulizwa.

Swali la miaka nalo lina jibu, kwa sababu madini huweka kumbukumbu ya safari yake ya kuja juu. Katika madini yaitwayo apatiti, chembe za urani hupasuka zenyewe mara kwa mara na kuacha kovu dogo ambalo huonekana kwa hadubini baada ya madini kulowekwa katika asidi. Makovu hayo hufutika madini yakiwa katika joto linalozidi nyuzi 110 hivi za Selsiasi, na hubaki yakiwa katika joto la chini ya hapo. Kwa hiyo idadi na urefu wa makovu hueleza ni lini mwamba ulipoa, yaani ni lini ulipofika kilomita chache tu kutoka juu ya ardhi baada ya mzigo uliokuwa juu yake kumomonyolewa. Wanajiolojia David Foster na Andrew Gleadow walitumia njia hiyo katika miamba ya msingi iliyo kandokando ya Bonde la Ufa la Kenya na bonde la kale la Anza, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996 walionyesha kwamba nchi hiyo ilimomonyolewa kwa vipindi, vikiwemo vipindi vya kasi katika enzi ya Kretasia, ile iliyomalizika miaka milioni 66 iliyopita kwa kutoweka kwa dinosaria. Wakati ulioitwa mtupu, kumbe, ulikuwa na majira yake ya kazi na majira yake ya utulivu, na majira hayo yana tarehe.

Mwamba ulioondolewa haukupotea duniani. Kaskazini na mashariki ya Korbesa, chini ya tambarare ambayo usoni haionyeshi kitu zaidi ya mchanga na vichaka, limefukiwa bonde la Anza, ambalo ni bonde la ufa la zamani kuliko Bonde la Ufa la sasa, lililonyooka kutoka upande wa Ziwa Turkana kuelekea kusini-mashariki. Bonde hilo lilipanuka na kudidimia hasa wakati wa Kretasia, na lilipokuwa likididimia lilijazwa mashapo ya unene wa kilomita kadhaa. Makampuni ya mafuta yamelichunguza kwa miongo mingi, na katika mwaka 2009 na 2010 kampuni ya CNOOC ya China ilichimba huko kisima cha Bogal hadi kina cha zaidi ya mita 5,000, ingawa hakikutoa gesi ya kutosha biashara. Lililo muhimu kwa hoja hii ni uhusiano wa pande mbili hizo: enzi ileile ambayo kando ya bonde iliacha pengo, ndani ya bonde iliacha matabaka, na sehemu ya mchanga uliojaza bonde ilitokana na mwamba uliokosekana kandoni. Anayesimama juu ya naisi na kusema kwamba Kretasia haipo amechunguza upande mmoja tu wa hesabu yenye pande mbili.

Wala haihitajiki kurudi nyuma kiasi hicho ili kuona pengo likitengenezwa. Lava haipandi mlima. Inapomiminika hutafuta mahali pa chini na kutandaa. Basalti ya Merti leo imesimama juu ya tambarare inayouzunguka uwanda huo, na maana yake ni kwamba ardhi iliyokuwa kando yake, ambayo haikuwa na kifuniko kigumu, imeshushwa, huku mashapo yaliyo chini ya lava yakinusurika kwa kulindwa. Mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo ni uwanda wa Yatta, ambao ni ulimi wa lava wa urefu wa kilomita 300 hivi uliofuata bonde la mto takribani miaka milioni 13 iliyopita, na ambao sasa ni mgongo mrefu ulioinuka kwa sababu kingo za bonde zililiwa zote na mmomonyoko. Mto Ewaso Ng'iro wenyewe hufanya kazi hiyohiyo kila masika: udongo unaong'olewa Laikipia na Samburu huenda kutuama Lorian, hivyo nchi ya juu inaandaa pengo na nchi ya chini inaandaa tabaka, na kazi zote mbili hufanywa na maji yaleyale. Mwanajiolojia wa siku za mbali atakayekosa tabaka la karne hii huko Laikipia atakosea sana akihitimisha kwamba katika karne hii mvua haikunyesha.

Kanuni inayotawala mambo haya ni kwamba mashapo hubaki pale tu penye nafasi ya kuyapokea na kuyahifadhi. Nafasi hiyo hupatikana ardhi inapodidimia au maji ya bahari au ziwa yanapopanda, na hupotea ardhi inapoinuka au maji yanaposhuka, kwa kuwa mito hapo huanza kuchimba ilichokuwa ikikiweka. Kuna pia hali ya tatu ambayo husahauliwa mara kwa mara, nayo ni pale maji yanapopita na mzigo wake bila kuuacha na bila kuchimba, hata karne nyingi zikapita juu ya uso uleule mmoja. Matokeo ya hali hizo hutofautiana kwa sura: matabaka ya chini yakiwa yamepinda kabla ya kukatwa na kufunikwa, mpaka wa pengo huonekana kwa pembe baina ya matabaka ya chini na ya juu, mwamba wa chini ukiwa ni naisi au itale, mashapo hukaa juu ya kitu cha asili tofauti kabisa, na matabaka yote yakiwa yamelala sambamba, pengo huenda likajulikana kwa udongo wa kale, kwa changarawe au kwa mashimo ya mizizi tu. Kila sura kati ya hizo inaeleza jambo lililotendeka, kwa kuwa mpindo wa chini unashuhudia msukumo wa ardhi, ukataji unashuhudia kuinuka kwake, na kufunikwa kunashuhudia kudidimia.

Historia ya jiolojia inaunga mkono hoja hii kwa namna ambayo wenye maoni yaliyoenea hawaitaji. Mwaka 1788 Mskoti James Hutton, akiwa na John Playfair na James Hall, alifika kwa mashua kwenye mwamba wa pwani uitwao Siccar Point, ambako matabaka yaliyosimama wima yamekatwa juu na kufunikwa na mchanga mwekundu uliolala karibu tambarare. Hutton alielewa kwamba matabaka ya chini yalihitaji kutuama, kuwa mwamba, kuinuliwa, kupindwa na kumomonyolewa kabla ya yale ya juu kuanza, na kwamba hayo yote hayawezi kutoshea katika maelfu machache ya miaka ambayo watu wa wakati wake waliikadiria dunia. Vipimo vya leo vinaonyesha kwamba pengo hilo ni la takribani miaka milioni 65. Uthibitisho ulioifungua akili ya wanasayansi kuhusu urefu wa wakati wa dunia ulitoka basi kwenye mpaka wa pengo. Tabaka moja nene lisingalieleza hayo hata kidogo.

Chanzo cha upotofu kinapatikana baadaye, katika mfano uliozoeleka wa kulinganisha miamba na kitabu kilichochanwa kurasa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alitenga sura nzima kueleza kutokamilika kwa kumbukumbu ya miamba, na humo aliutumia mfano wa aina hiyo aliouchukua kwa Charles Lyell ili kujibu swali la kwa nini visukuku vya viumbe vya kati havionekani kwa wingi. Darwin alieleza pia utaratibu, kwamba matabaka manene yenye visukuku hujengeka zaidi wakati ardhi inapodidimia, lakini waliomfuata waliuchukua mfano wakauacha utaratibu. Mfano wenyewe una kasoro, kwa sababu ukurasa uliochanwa hauonyeshi ni nani aliyeuchana, kwa nguvu gani wala kwa muda gani, na kuchanwa kwake si sehemu ya hadithi iliyoandikwa kitabuni. Mmomonyoko, kinyume chake, ni sehemu ya historia inayotafutwa, kwa kuwa kuinuka kwa nchi, kukauka kwa ziwa na kugeuka kwa mto ndiyo mambo ambayo mwanajiolojia anataka kuyajua. Mfano huo ukiondolewa, hoja ya wakati mtupu haina tena mguu wa kusimamia.

Upotofu mwingine unaofuatana na huo ni imani kwamba tabaka nene ni tabaka kamili. Mwaka 1917 Joseph Barrell alionyesha kwamba hata mfuatano wa matabaka unaodhaniwa hauna mkato umejaa mapengo madogomadogo yanayotokana na kupanda na kushuka kwa maji, na mwaka 1981 Peter Sadler alikusanya vipimo karibu 25,000 vya kasi ya kutuama kwa mashapo akagundua kwamba kadiri muda unaopimwa unavyorefuka, ndivyo kasi ya wastani inavyopungua. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Mafuriko ya Ewaso Ng'iro yakichukuliwa kuwa yanaweza kuweka sentimita 10 za matope kwa siku moja, na kasi hiyo ikidhaniwa kuendelea kwa miaka milioni moja, matope yangefikia unene wa kilomita 36,500, ambao ni karibu mara tatu ya kipenyo cha dunia nzima. Kwa kuwa hakuna unene wa aina hiyo popote, ni lazima siku nyingi mno zipite bila kuweka kitu, au zipite zikiondoa kilichowekwa jana. Pengo basi ndiyo hali ya kawaida ya kumbukumbu ya miamba, na tabaka ni tukio la nadra lililopata bahati ya kudidimizwa kabla ya kuondolewa. Sayansi ambayo ingeyachukulia mapengo kama doa la kusikitisha ingekuwa inasikitikia sehemu kubwa ya somo lake.

Hakuna mahali nchini Kenya ambapo hoja hizi zimepimwa kwa ukali kama Olorgesailie, katika kaunti ya Kajiado, ambako Louis na Mary Leakey walitambua miaka ya 1940 wingi wa zana za mawe ziitwazo mashoka ya mkono. Mashapo ya huko yanayoitwa Muundo wa Olorgesailie yana unene wa mita 80 hivi na yanachukua kipindi cha kuanzia miaka milioni 1.2 hadi karibu miaka 500,000 iliyopita, na hivyo wastani wake ni takribani sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, huku udongo wa kale uliomo ndani yake ukionyesha kwamba ardhi ilisimama mara nyingi bila kupokea kitu. Baada ya hapo kuna pengo la takribani miaka 180,000, na matabaka yanapoanza tena, karibu miaka 320,000 iliyopita, karibu kila kitu kimebadilika: mashoka makubwa yametoweka, zana ndogo zilizotengenezwa kwa ustadi wa Zama za Mawe za Kati zimechukua nafasi yake, mawe ya obsidiani yameletwa kutoka mbali, rangi za madini zinatumika, na wanyama wakubwa wengi wa zamani wamepisha aina nyingine. Kwa mwenye maoni yaliyoenea, hapo pana msiba mtupu, kwa kuwa mabadiliko makubwa ya binadamu yametokea hasa pale ambapo mwamba haupo.

Timu iliyoongozwa na Richard Potts wa Taasisi ya Smithsonian, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, haikulisoma pengo hilo kwa namna hiyo. Ilijiuliza kwanza limetengenezwa na nini, na jibu lilipatikana katika nyufa za ardhi zilizolikata bonde: sakafu ya zamani ilivunjika vipande, baadhi yake vikashuka, maji yakapata miteremko mipya, na mito ikaanza kuyachimba mashapo ambayo ziwa lilikuwa limeyatandaza. Jibu hilo likaonyesha mahali pa kwenda, kwa kuwa bonde lililoshuka hupokea kile ambacho ardhi iliyoinuka hupoteza. Mwaka 2012 timu ilichimba katika bonde jirani la Koora na kutoa mhimili wa mashapo wa urefu wa mita 139 unaochukua takribani miaka milioni moja, pamoja na kipindi kilichokosekana Olorgesailie, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba tangu miaka 400,000 hivi iliyopita maji na mimea ya eneo hilo vilianza kubadilika mara kwa mara na kwa kiwango kikubwa.

Funzo la Olorgesailie ni zito kuliko ugunduzi wa mashapo yaliyokosekana. Uvunjikaji wa ardhi uliotengeneza pengo ndio uleule ulioyagawa mabonde, ukafanya maji ya sehemu moja yasitegemee maji ya sehemu nyingine, na ukachangia katika hali ngumu ambayo binadamu wa wakati ule walilazimika kuikabili kwa zana mpya na mahusiano ya mbali. Pengo lilikuwa alama ya kisababishi, na mtu aliyelitazama kama ukosefu angepoteza sehemu ya maelezo aliyokuwa akiyatafuta. Hapo anaweza kuinuka mpinzani akasema kwamba kama pengo lingekuwa linasema, kusingekuwa na haja ya kuchimba. Pingamizi hilo linachanganya maswali mawili: pengo lilisema ni nini kilitendeka kwa ardhi, na mhimili wa Koora ulisema maji na nyasi vilikuwaje ardhi ilipokuwa ikitendwa hivyo, lakini swali la pili lisingalijua pa kutafutia jibu kama la kwanza halijajibiwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la mapengo yasiyoonekana. Inakubalika kwamba matabaka mawili sambamba yanaweza kugusana bila alama yoyote ya udongo, changarawe au ukataji, na bado yakatenganishwa na muda mrefu, na kwamba msomaji asiye makini anaweza kuyachukulia kuwa yamefuatana. Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, inaonyesha hatari ya kutolizingatia pengo, kwani huko kuna mkato wa takribani nusu milioni ya miaka, kati ya miaka milioni 2.5 na milioni 2 iliyopita, na fuvu maarufu la namba 1470, lililopatikana mwaka 1972, linatoka katika matabaka yaliyo juu ya mkato huo. Anayeitazama Koobi Fora peke yake anaweza kudhani kwamba jenasi ya binadamu ilizuka huko ghafla, lakini bonde la Omo nchini Ethiopia na upande wa magharibi wa ziwa vina matabaka ya kipindi kilichokosekana, na taya lililopatikana Ledi-Geraru, Ethiopia, mwaka 2013 limeirudisha jenasi hiyo hadi miaka milioni 2.8 iliyopita. Kwa hiyo hatari ipo upande wa mwamba unaoonekana kuwa mzima: pengo lililotambuliwa humzuia mtafiti asikosee, ilhali mfuatano unaoaminiwa kuwa kamili humpotosha akiwa ametulia.

Inabaki sura ya pili ya maoni yaliyoenea, ile inayodai kwamba mapengo yanabatilisha miaka ya jiolojia. Dai hilo lingekuwa na uzito katika karne ya 19, wakati baadhi ya wataalamu walipojaribu kuukadiria umri wa dunia kwa kujumlisha unene wa matabaka, kama alivyofanya John Phillips mwaka 1860 akapata miaka milioni 96 hivi. Kwa njia hiyo kila pengo lingepunguza jumla. Lakini tangu Arthur Holmes na wenzake walipoanza, mwanzoni mwa karne ya 20, kupima umri wa madini kwa kuchakaa kwa elementi za mnururisho, unene wa matabaka hautumiki tena kama saa. Katika majivu ya volkeno ya Turkana au Olorgesailie, umri hupatikana kwa kupima kiasi cha gesi ya agoni kilichotokana na potasiamu ya aina ambayo nusu yake huchakaa kila baada ya miaka bilioni 1.25. Majivu yaliyo chini ya pengo hupimwa peke yake, majivu yaliyo juu hupimwa peke yake, na urefu wa pengo ni tofauti ya namba hizo mbili. Pengo halizibwi kwa kukisia, kwa sababu haliingii katika upimaji hata kidogo, na anayelitumia kuipinga saa ya madini anapinga njia ambayo ilikwisha kuachwa kabla babu zake hawajazaliwa.

Haki inadai kukubali kwamba yapo yaliyopotea yasiyorudishika. Visukuku vilivyokuwamo katika tabaka lililosagwa kuwa mchanga havitaonekana tena, na viumbe waliokufa juu ya ardhi iliyokuwa ikimomonyoka hawakupata mahali pa kuhifadhiwa. Hata hivyo kupotea kwa habari za viumbe hakulingani na kupotea kwa habari za ardhi, na anayehama kutoka la kwanza hadi la pili bila kutoa sababu ameuza shaka ndogo kwa bei ya shaka kubwa. Waliochora nyuso za kale za mmomonyoko mashariki mwa Kenya, kama E. P. Saggerson na B. H. Baker katika utafiti wao wa mwaka 1965, walifuata nyuso hizo kama wengine wanavyofuata matabaka, wakatumia kupinda kwake kupima jinsi nchi ilivyoinuliwa wakati wa kuumbika kwa Bonde la Ufa. Na ingawa tarehe za baadhi ya nyuso hizo zimejadiliwa tangu hapo, mjadala wenyewe ni uthibitisho kwamba pengo ni kitu kinachoweza kuchorwa kwenye ramani na kubishaniwa kwa ushahidi.

Kwa wakazi wa Korbesa na majirani zao jambo hili lina uzito kuliko mabishano ya vyuoni, kwa sababu maji ya chini ya ardhi hufuata mipaka ya namna hiyo. Katika maeneo ya lava nchini Kenya, wachimbaji wa visima wamezoea kulenga nyuso za kale za ardhi zilizofukiwa, kwa kuwa hapo mwamba ulipata muda wa kuoza, kuvunjika na kukusanya changarawe kabla ya kufunikwa, na maji hupata nafasi ya kukaa. Na katika nchi ya naisi, ambayo ikiwa nzima haihifadhi maji mengi, sehemu iliyooza juu yake na nyufa zake ndizo tegemeo. Upande wa mashariki, hifadhi kubwa ya maji iitwayo Merti, inayoenea kupitia Habaswein na Dadaab kuelekea Somalia na ambayo imezinywesha kambi za wakimbizi zilizoanzishwa mwaka 1991, imo ndani ya mashapo yaliyotuama pale ambapo nchi ilididimia na kupokea kilichomomonyolewa kwingine. Kujua wapi wakati umeacha uso na wapi umeacha unene ni sehemu ya kujua wapi kisima kitatoa maji, na ripoti inayoishia kusema kwamba mahali fulani hapana matabaka imekwepa swali ambalo mfugaji amelilipia.

Mzigo wa kuthibitisha, basi, uko kwa wanaoshikilia kwamba pengo ni utupu. Wanapaswa kueleza kilomita 20 za mwamba uliokuwa juu ya naisi ya Archer's Post zilikwenda wapi kama hapakutokea kitu, mchanga uliojaza bonde la Anza ulitoka wapi kama hapakumomonyoka kitu, na kwa nini makovu ndani ya apatiti yana umri kama hapakupoa kitu. Mpaka watakapoeleza hayo kwa vipimo vilivyo bora kuliko vilivyopo, mwalimu wa jiografia, mhandisi wa maji na mwenye shaka wa kweli wana sababu ya kuuliza, kila wanapokuta wakati usio na tabaka, ni nguvu gani iliyouondoa au kuuzuia, kwa kiasi gani, na mzigo wake ulipelekwa wapi.